Nilisafisha mpaka wakafa: historia ya hewa na kichujio ndani ya akwariomu

 

Leo sitaandika juu ya vita wala juu ya wafalme. Nitaandika historia ya vitu viwili vidogo: pompi ya hewa na kipande cha sponji ndani ya akwariomu, lile sanduku la kioo lenye samaki ambalo mnaliona kwenye hoteli au nyumbani kwa watu wenye uwezo. Najua kuna atakayesema, "Huyu amekosa la kuandika." Subirini. Nina sababu, na sababu yenyewe ni aibu yangu.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza lisansi ya biolojia. Karatasi mkononi, kazi hakuna, mnajua wenyewe. Shangazi yangu akanisemea kwa daktari mmoja mwenye kliniki ndogo hapa Bukavu. Katika chumba cha kungojea wagonjwa mlikuwa na akwariomu ya lita 300, na ndani yake samaki 22 waliotoka Uvira, Ziwa Tanganyika. Si ndagala wala mukeke wa kuliwa. Ni wale wadogo wa kwenye mawe, wenye rangi, ambao watoto wanakwama mbele yao mpaka wanasahau sindano inayowangoja. Aliyekuwa akiwachunga ni papa mlinzi wa mlangoni. Dokta alitaka sasa "mtu aliyesoma". Mshahara dola 40 kwa mwezi. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza maishani.

Papa mlinzi alinionyesha kila kitu bila wivu. Sponji ya kichujio (wengi wetu tunasema filtiri) ilikuwa nyeusi na inateleza. Aliichovya ndani ya ndoo yenye maji ya akwariomu yenyewe, akaikamua mara mbili tu, akairudisha.

"Papa, hii bado iko chafu," nikamwambia.

"Iache vile, mwanangu. Ile uchafu njo inabalindaka."

Nilicheka moyoni. Siku ya Ijumaa, yeye akiwa ameenda mazishi kijijini, nilifanya kazi "ya kitaalamu". Mawe yote nikayachemsha. Kokoto nikaziosha kwa javeli, nikazisuuza mpaka harufu ikaisha. Sponji ya zamani nikaitupa, nikaweka mpya, nyeupe kama pamba. Maji karibu yote nikayabadilisha, tena nilikuwa nimeyalaza kwenye mapipa ili klorini itoke, kama tulivyofundishwa. Akwariomu ikaangaza. Dokta alipopita alisema, "Sasa hii njo kazi!"

Jumatatu samaki walikuwa juu, midomo karibu na uso wa maji, wanahema. Nikawaza: oksijeni imepungua. Nikaongeza pompi ya pili, mapovu yakajaa kama soda iliyotikiswa. Jumanne saba walikuwa wamekufa. Alhamisi walibaki watatu. Mtoto mmoja mwenye bandeji kichwani akamwuliza mama yake, "Mama, samaki balilala?" Mama yake akageuka akaniangalia mimi.

Dokta hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Ulisoma nini pale?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nitafute historia hii. Nilitaka kujua kama kuna mwingine aliyewahi kukosea hivyo. Kumbe wapo wengi, na wengine wao ni watu wakubwa.

MSHUMAA, MNANAA NA MWANGA

Tuanze mbali kidogo, kabla ya samaki.

Mwaka 1771 Joseph Priestley, mchungaji na mkemia Mwingereza, aliwasha mshumaa ndani ya chombo cha kioo kilichofungwa. Mshumaa ukazimika, juu hewa ya ndani ilikuwa imechoka. Akaingiza humo kijiti cha mnanaa na kukiacha siku kadhaa. Aliporudisha moto, mshumaa ukawaka tena. Mmea ulikuwa umeitengeneza hewa.

Mwaka 1779 Jan Ingenhousz, daktari Mholanzi, akaongeza jambo ambalo Priestley hakuliona vizuri: mmea unafanya kazi hiyo ukiwa kwenye mwanga tu, na ni sehemu zake za kijani zinazoifanya. Alichovya majani ndani ya maji juani, akaona vipovu vidogo vikitoka kwenye majani hayo. Gizani vipovu vikakoma.

Mpaka hapo watu walijua kwamba kiumbe kinaweza kuchosha hewa na kwamba mmea unaweza kuiponya. Lakini hakuna aliyekuwa ameipeleka hesabu hiyo kwa samaki wa nyumbani.

MAMA WA MESSINA

Wengi wanaanza historia ya akwariomu London. Mimi nitapitia kwanza Sicilia, kwa binti wa fundi viatu.

Jeanne Villepreux alizaliwa mwaka 1794 huko Juillac, Ufaransa. Alienda Paris kijana, akawa mshonaji. Akaolewa na mfanyabiashara, James Power, akaishi naye Messina, mji wa bandari. Huko, bila chuo kikuu, alijifundisha mwenyewe elimu ya viumbe. Alitaka kujibu swali lililokuwa limewashinda wataalamu: argonauta, mnyama wa jamii ya pweza, je, gamba lake analitengeneza mwenyewe au anaiba la mwingine? Pweza mfu mezani hawezi kujibu. Ilibidi amwone akiwa hai, kila siku. Mwaka 1832 akatengenezesha masanduku ya kioo ya kuwekea wanyama wa bahari, akawachunguza, akapata jibu: gamba ni lake mwenyewe, na likivunjika analitengeneza.

Jeanne alikuwa na bahari mlangoni. Anayeishi mbali na bahari au mto afanye nini? Maji ya ndani ya kioo yanachoka. Tangu siku hiyo swali la akwariomu limebaki lile lile: nani atayapumzisha maji hayo?

BABA: SAMAKI WAWILI NA KONOKONO

Jibu la kwanza lilitoka kwa Robert Warington, mkemia wa Apothecaries' Hall, nyumba ya wauza dawa wa London. Mwaka 1849 aliweka samaki wawili wadogo wa dhahabu ndani ya chombo cha kioo chenye mchanga, pamoja na mmea unaoitwa Vallisneria, wenye majani marefu kama utepe. Jamaa za mmea huo zinaota hata kwetu, pembeni ya Ziwa Tanganyika.

Hesabu yake ilikuwa ile ya Priestley na Ingenhousz. Samaki anatoa kaboni dioksidi, mmea unaichukua na kurudisha oksijeni. Mwanzoni ilikwenda vizuri. Kiisha majani ya zamani yakaanza kuoza, maji yakavurugika, utando wa kijani ukafunika kioo. Warington akaangalia namna mabwawa ya kawaida yanavyojisafisha, akaleta konokono wachache wa bwawani. Konokono wakala majani yaliyooza na ule utando. Maji yakarudi kuwa safi. Mwezi wa 3 mwaka 1850 akawasomea wenzake wa Chemical Society taarifa yake: mnyama, mmea na konokono wamesawazishana, na maji hayahitaji kubadilishwa mara kwa mara.

Wazo hilo liliwasha moto. Kodi ya vioo ilikuwa imeondolewa Uingereza mwaka 1845, hivyo kioo kilikuwa kimeshuka bei. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya kwanza ya samaki kwa watu wote. Mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu The Aquarium, na jina hilo ndilo lililoshika mpaka leo. Kila familia yenye nafasi ilitaka sanduku sebuleni. Watu walishuka pwani na nyundo na vikapu, wakang'oa wanyama kwenye miamba. Miaka mingi baadaye mtoto wa Gosse, Edmund, aliandika kwa uchungu jinsi wakusanyaji walivyoharibu madimbwi ya miamba ambayo baba yake aliyapenda.

Na ndani ya sebule? Vifo. Watu walijaza wanyama wengi ndani ya maji machache. Maji yakinuka, walimwaga yote na kuanza upya. Wengine walinyunyiza maji kwa bomba la mkono ili kuingiza hewa. Walisugua, walisafisha, walibadilisha, na wanyama waliendelea kufa. Kabla ya miaka ya 1860 kuisha, ile homa ilikuwa imepoa.

Niliposoma sehemu hii niliweka simu chini kwa muda. Ilikuwa kama kusoma habari za Ijumaa yangu.

Warington hakudanganya. Lakini alikuwa ameona nusu. Hesabu yake ilikuwa ya pumzi tu: oksijeni inaingia, kaboni dioksidi inatoka. Samaki hatoi kaboni dioksidi peke yake. Anatoa pia amonia, nyingi yake kupitia matamvua, kila saa, na amonia haina rangi. Maji yanaweza kuangaza kama dirisha la benki na kuwa sumu. Kwa nini basi samaki wake wawili waliishi? Walikuwa wawili tu, mimea ilikuwa mingi, na juu ya mchanga, majani na kioo kulikuwa na wafanyakazi wengine ambao hakuwaona.

MAJI YANAYOTEMBEA

Mtu wa pili wa kumkumbuka ni William Alford Lloyd. Alianza kama mtu mdogo katika biashara ya vitabu London, akashikwa na homa ya akwariomu, akafungua duka lake la kuuza wanyama na vyombo. Baadaye akawa mtu anayeitwa kutoka mbali kujenga akwariomu kubwa. Alifanya kazi Hamburg, ambapo akwariomu ya bustani ya wanyama ilifunguliwa mwaka 1864, na ile ya Crystal Palace, London, iliyofunguliwa mwaka 1871.

Wazo lake: usitegemee mimea peke yake, tembeza maji. Chini ya visanduku vya maonyesho alijenga hifadhi kubwa ya maji, gizani, kubwa kupita visanduku vyote vya juu pamoja. Pompi ya mvuke ilivuta maji kutoka gizani, ikayapeleka juu, yakapita kwa samaki, yakaanguka tena chini, mchana na usiku. Maji yakianguka yanavuta hewa. Maji yakikaa gizani, ukijani unakufa na yanarudi kuwa safi.

Ilifanya kazi vizuri sana. Lloyd alijua kwamba inafanya kazi, lakini sababu yote hakuijua. Kuta za lile hodhi la giza, mabomba, mawe, vyote vilikuwa vimevaa utelezi. Yeye alikuwa amejenga kichujio kikubwa bila kujua jina lake.

MTOTO: MCHANGA UNAOKULA SUMU

Sasa tuhamie Paris, mwaka 1877. Wakemia wawili, Théophile Schloesing na Achille Müntz, hawakuwa na habari na samaki. Kazi yao ilikuwa maji machafu ya mji. Walijaza bomba refu mchanga uliochanganywa na mawe ya chokaa, wakayapitisha maji ya choo polepole kutoka juu. Karibu siku 20 hakuna kilichobadilika: amonia iliingia juu, amonia ikatoka chini. Kiisha, bila wao kuongeza kitu, amonia ikaanza kupungua na nitrati ikatokea mahali pake.

Kama ingekuwa kemia tu ya mchanga, ingeanza siku ya kwanza. Kwa nini ingoje siku 20? Wakapitisha mvuke wa klorofomu ndani ya bomba. Kazi ikasimama. Klorofomu inalaza viumbe hai, mchanga haulali. Baadaye walipoingiza maji yaliyooshewa udongo mdogo wa bustani, kazi ikaanza tena. Donc ndani ya mchanga kulikuwa na viumbe hai, na viumbe hao walikuwa wanakula amonia.

Habari hiyo ilifika Rothamsted, shamba la utafiti kaskazini ya London. Mkemia mmoja wa pale akaishika kwa mikono miwili. Jina lake? Robert Warington.

Si yule wa samaki wa dhahabu. Huyo alikuwa amefariki mwaka 1867. Huyu ni mtoto wake, aliyepewa jina la baba, kama tunavyofanya hata kwetu. Alizaliwa mwaka 1838. Donc baba yake alipokuwa anahesabu konokono, yeye alikuwa mtoto wa miaka kama 11.

Warington mtoto alirudia majaribio ya Paris, akathibitisha. Akaona kwamba kazi hii inapenda giza. (Kumbukeni lile hodhi la Lloyd!) Akaendelea mpaka akatambua kwamba safari ya amonia ina vituo viwili: kiumbe mmoja anaigeuza kuwa nitriti, mwingine anaichukua nitriti na kuigeuza kuwa nitrati. Nitriti nayo ni mbaya, inazuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Nitrati ni pole zaidi, na mimea inaila.

Alitafuta miaka mingi kuwatenga viumbe hao peke yao, asifaulu. Mwaka 1890 Sergei Winogradsky, Mrusi aliyekuwa anafanya kazi Zürich, ndiye aliyefaulu. Siri yake ilikuwa kuwanyima chakula cha kawaida cha maabara. Bakteria hawa hawataki mchuzi wa nyama. Wanapata nguvu kutokana na amonia, na mwili wao wanaujenga kwa kaboni dioksidi.

Mimi jambo hili linanigusa. Baba aliona nusu ya kwanza ya akwariomu: pumzi. Mtoto aliona nusu ya pili: wala sumu. Nyumba moja, jina moja, miaka chini ya 40 kati yao. Na bado ilichukua muda mrefu sana nusu hizo mbili kukutana ndani ya sebule za watu. Wafugaji wa samaki hawakusoma kemia ya mashamba, na wakemia wa mashamba hawakufuga samaki.

KAZI YA MAPOVU

Katika karne ya 20 umeme uliingia majumbani na pompi ndogo za hewa zikaja nao. Kufikia miaka ya 1950 watu wengi waliweka bamba lenye matundu chini ya kokoto. Mapovu yanapanda ndani ya bomba, yanavuta maji kupitia kokoto kutoka juu kwenda chini. Kichujio cha sponji ni wazo hilo hilo kwa ufupi: povu linapanda, maji yanavutwa kupitia sponji. Mwaka 1970 Stephen Spotte, Mmarekani, alitoa kitabu kilichowaeleza waziwazi watunzaji wa akwariomu kwamba kichujio ni kwanza nyumba ya bakteria. Hesabu wenyewe: miaka 80 baada ya Winogradsky.

Hapa wengi tunakosea, kwa hiyo nisemeni polepole.

Povu lenyewe linaingiza oksijeni kidogo tu wakati linapanda. Kazi yake kubwa ni kusukuma maji ya chini kwenda juu, kwa sababu ni kwenye uso wa maji ndipo hewa na maji vinapobadilishana. Ndiyo maana akwariomu pana ni bora kuliko ile ndefu na nyembamba yenye lita sawa.

Tena maji hayabebi oksijeni nyingi. Kwa joto la digrii 25, usawa wa bahari, lita moja inabeba kama miligramu 8 tu. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu, hewa ni nyepesi, donc tunabaki na kama miligramu 7. Na samaki si peke yao wanaoidai. Bakteria nao wanapumua: kugeuza gramu 1 ya nitrojeni ya amonia kuwa nitrati kunadai zaidi ya gramu 4 za oksijeni. Hewa na kichujio si vitu viwili tofauti. Hewa ndiyo mshahara wa wafanyakazi wa kichujio. Umeme ukikatika saa nyingi, sponji iliyofungwa ndani ya kisanduku inakosa oksijeni, wafanyakazi wanakufa, na umeme ukirudi pompi inamwaga uozo ndani ya maji.

Sasa mnaweza kufungua faili ya kesi yangu. Nilichemsha mawe, nikaosha kokoto kwa javeli, nikatupa sponji. Kwa siku moja nilifukuza wafanyakazi waliochukua miaka kujipanga, nikaacha samaki 22 wanaendelea kutoa amonia. Na samaki wa Tanganyika hawana huruma ya kemia. Maji ya ziwa lao yana pH karibu 9, na sisi tulikuwa tumeweka mawe ya chokaa ili kuwafanyia kama kwao. Kwenye pH 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kali ni chini ya 1 kwa 100. Kwenye pH 9 ni karibu theluthi moja. Walipanda juu kuhema kwa sababu matamvua yalikuwa yanaungua, si kwa sababu hewa ilikosekana. Pompi yangu ya pili haikuondoa amonia. Tena mapovu mengi yanafukuza kaboni dioksidi, na pH huenda ilipanda zaidi. Niliwaonea huruma nikawazidishia.

Cha kuuma zaidi: mambo haya yako karibu nasi. Uvira ilikuwa na kituo cha utafiti cha IRSAC tangu wakati wa wakoloni. Mwanasayansi wa pale, Georges Marlier, ndiye aliyemwandika mwaka 1959 Tropheus duboisi, samaki mweusi mwenye madoa meupe akiwa mtoto, anayefugwa leo Ulaya na Marekani. Kituo kinaendelea, ndicho CRH-Uvira. Samaki wetu wanaishi salama ndani ya vioo vya Ujerumani. Kwangu waliishi siku sita.

PAPA MLINZI NA NUSU YA SPONJI

Nilirudi kwa Dokta nikamwomba nijaribu tena, bila mshahara. Akanyamaza muda. "Jaribu. Lakini na papa," akasema.

Papa mlinzi hakuniambia "nilikuambia". Alinipeleka nyuma ya kibanda chake. Kulikuwa na beseni la plastiki, ndani mna tilapia wawili na sponji nyeusi. Akaikata katikati kwa kisu.

"Tuchukue nusu. Hii nusu itafundisha ile ingine."

Schloesing na Müntz waliingiza udongo wa bustani. Sisi tuliingiza nusu ya sponji ya beseni. Nilimwuliza alijulia wapi. Akasema miaka mingi nyuma aliwahi kusafisha kama mimi, wakafa kama wangu. Mara ya pili hakusafisha sana, wakaishi. "Ni ile tu," akasema. Yeye pia alifanya jaribio, tofauti ni kwamba hakuna aliyemwomba aandike.

Tulianza na wale watatu waliobaki, chakula kidogo sana, na kila siku nilibadilisha sehemu ndogo ya maji. Umeme ukikatika usiku, tulipokezana: kuchota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu, kuchota, kumwaga. Wiki ya kwanza karatasi za kupimia zilionyesha amonia. Wiki ya pili nitriti. Siku ya 23 vyote viwili vilikuwa sufuri, na sponji ilikuwa imeanza kuteleza.

Mwaka 2015 watafiti wa Ulaya walitangaza bakteria wa aina ya Nitrospira anayefanya kazi zote mbili peke yake, kutoka amonia mpaka nitrati, jambo ambalo tangu wakati wa Warington na Winogradsky lilidhaniwa ni la viumbe wawili. Moja ya makundi hayo ya watafiti lilimpata wapi? Ndani ya kichujio cha mabwawa ya kufugia samaki. Miaka 165 baada ya konokono wa London, utelezi ule ulikuwa bado una jambo la kutufundisha.

Wenzangu, sisemi tuache kusoma. Bila kusoma nisingejua kwa nini papa alikuwa na haki. Lakini ukipata kazi yako ya kwanza, na ukakuta pale mtu asiye na diploma anayefanya jambo linaloonekana uchafu, muulize kwanza ni kwa nini. Halafu ndipo ushike javeli.

Yule mtoto wa bandeji alirudi kutolewa nyuzi. Alikuta samaki watatu. Alisimama mbele ya kioo, akawahesabu kwa kidole, akamwambia mama yake, "Bengine bangali balala."

Sikumsahihisha. Papa mlinzi alikuwa mlangoni ananiangalia, na jagi letu lilikuwa pale chini ya meza, juu siku ile pia umeme ulikuwa umekatika.